Jedwali la Nyuma na Onyo la Mbele: Mjadala Kuhusu Lebo za Lishe

Lebo ya lishe ni maelezo yanayochapwa juu ya chakula kilichofungashwa ili kumwonyesha mnunuzi kiasi cha nishati na virutubishi vilivyomo, na kwa kawaida hupangwa katika jedwali dogo nyuma au ubavuni mwa pakiti, likitaja nishati, protini, wanga, sukari, mafuta na sodiamu, ambayo ndiyo sehemu ya chumvi inayopandisha shinikizo la damu. Kwa upande wa biashara ya kimataifa, mwongozo wa kuandaa jedwali hilo ulipitishwa mwaka 1985 na Tume ya Codex Alimentarius, chombo kilichoundwa mwaka 1963 na Shirika la Chakula na Kilimo pamoja na Shirika la Afya Duniani ili kuweka viwango vya chakula. Marekani ililifanya jedwali kuwa la lazima kwa sheria ya mwaka 1990, na Umoja wa Ulaya ukafanya hivyo kuanzia Desemba 2016. Linalobishaniwa sasa ni kama jedwali hilo linatosha, au kama pakiti inapaswa kubeba pia, upande wake wa mbele, alama inayotamka waziwazi kwamba chakula hicho kina sukari, chumvi au mafuta mengi kupita kiasi. Katika Afrika Mashariki suala hili halingoji vizazi vijavyo, kwa kuwa soda, biskuti, tambi za kupika haraka na majarini vimekwisha kufika katika maduka ya vijijini, na wagonjwa wa shinikizo la juu la damu na kisukari ni wengi katika kliniki za mijini na mashambani.

Sauti tatu zinakutanishwa hapa. Ya kwanza ni ya msindikaji, yaani mwenye kiwanda cha kusindika na kufungasha vyakula, ambaye analitetea jedwali. Ya pili ni ya mtaalamu wa lishe, ambaye anataka onyo. Na ya tatu ni ya muuza duka, ambaye kila siku huwaona wanunuzi wakichagua bidhaa na kulipa. Hakuna hata mmoja kati yao aliye mtu mahususi, maana kila mmoja amepewa hoja ambazo watu wengi wa kazi yake huzitoa.

Msindikaji anatangulia kwa kusema kwamba jedwali ni ushahidi. Kila namba iliyomo inaweza kupimwa maabara, na mzalishaji anayeandika uongo anaweza kushtakiwa kwa namba hiyohiyo aliyoiandika, jambo ambalo haliwezekani kwa maneno ya jumla kama "kizuri" na "kibaya". Anaongeza kwamba mahitaji ya watu hayafanani: mkulima anayelima kwa jembe tangu alfajiri anahitaji nishati ambayo karani aliyeketi ofisini haihitaji, mjamzito ana hesabu yake na mgonjwa wa figo ana yake, kwa hiyo njia ya haki ni kumpa kila mtu takwimu kamili ili achague kwa kadiri ya mwili wake. Onyo moja kwa watu wote, kwa maoni yake, ni kumchukulia mnunuzi mzima kama mtoto asiyeweza kuamua.

Hoja hii ina uzito na haipaswi kupuuzwa, kwa sababu bila jedwali hakuna mkaguzi wala mwanasheria anayeweza kumbana mzalishaji yeyote. Hata hivyo, ubora wa ushahidi mbele ya mkaguzi hauthibitishi kwamba ushahidi huohuo unamfaa mnunuzi aliyesimama dukani kwa dakika moja akiwa na mtoto mgongoni, na hapo ndipo mtaalamu wa lishe anapoingilia.

"Ndugu msindikaji," anasema, "takwimu kamili ambazo hazisomeki ni sawa na takwimu zilizofichwa." Kisha anatoa mfano wa pakiti ya biskuti yenye uzito wa gramu 150, ambayo jedwali lake linatangaza gramu 7 za sukari kwa kipimo cha mlo mmoja. Kipimo cha mlo mmoja ni kiasi ambacho mzalishaji, au kanuni ya nchi, hukadiria kuwa mtu atakula kwa mara moja, na katika mfano huu ni biskuti tatu zenye jumla ya gramu 25. Mnunuzi anaiona gramu 7 na kuridhika, ilhali ndani ya pakiti mna vipimo sita, maana yake jumla ya sukari ni gramu 42, na mtoto aliyepewa pakiti nzima kama chakula cha shule ataimaliza yote kabla ya kengele ya mapumziko ya pili. Namba hiyohiyo ikielezwa kwa gramu 100 za biskuti inakuwa gramu 28 za sukari, kiwango ambacho nchini Uingereza, katika utaratibu wa hiari wa rangi za taa za barabarani uliopangwa mwaka 2013, hupewa rangi nyekundu kwa kuwa kimevuka gramu 22.5. Bidhaa ni moja na jedwali halikusema uongo wowote, lakini picha anayobaki nayo msomaji hutegemea mstari ambao jicho lake liliangukia.

Ugumu wa sodiamu ni mkubwa zaidi, kwa sababu Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ilhali jedwali mara nyingi hutaja sodiamu kwa miligramu, na anayetaka kulinganisha hana budi kuzidisha sodiamu mara mbili na nusu kisha agawanye kwa 1,000. Tambi za kupika haraka ambazo jedwali lake linatangaza miligramu 1,600 za sodiamu kwa pakiti zina gramu 4 za chumvi, yaani sehemu nne kati ya tano za kiasi cha siku nzima, na hesabu hiyo haijagusa chumvi ya mboga wala ya mkate. Mtaalamu anauliza ni nani anayefanya hesabu hiyo dukani, na msindikaji hana jibu la haraka.

Anaendelea kueleza kwamba hata neno sukari lina utata. Jedwali la kawaida hutaja sukari yote kwa pamoja, kwa hiyo maziwa mabichi yasiyotiwa kitu huonekana kuwa na takribani gramu 5 za sukari kwa mililita 100, ambayo ni laktosi, sukari ya asili ya maziwa, huku kinywaji kilichotiwa sukari ya kiwandani kikiweza kuonyesha namba hiyohiyo. Marekani ilibadilisha jedwali lake mwaka 2016 ili sukari iliyoongezwa iandikwe katika mstari wake, lakini bidhaa nyingi zinazouzwa Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura hazina mstari huo. Msaada unapatikana katika orodha ya viambato, yaani vitu vyote vilivyochanganywa kutengeneza chakula hicho, kwa sababu orodha hiyo hupangwa kuanzia kilicho kizito zaidi hadi kilicho kidogo zaidi, ingawa hata hapo mzalishaji anaweza kuigawa sukari katika majina ya glukosi, dekstrosi, fruktosi na sharubati ya mahindi, ili kila jina lishuke chini kidogo katika orodha.

Msindikaji anakubali kwamba kipimo cha mlo kinaweza kupotosha, na anapendekeza suluhisho jepesi, ambalo ni kuwalazimisha wote watumie safu ya gramu 100 kama ilivyo Ulaya. Lakini alama ya onyo bado anaikataa, na anatoa sababu inayostahili kusikilizwa kwa makini. Karanga, anasema, zina mafuta na nishati nyingi, jibini ina chumvi, na dagaa wakavu waliotiwa chumvi wana sodiamu inayotisha kwenye karatasi, ilhali vyakula hivyo ndivyo vinavyowapa watoto wengi protini na madini. Anakumbusha kwamba utaratibu wa Nutri-Score, ulioanza Ufaransa mwaka 2017 na unaozipanga bidhaa kwa herufi kuanzia A hadi E, ulipingwa vikali na Italia kwa hoja kwamba unadhalilisha mafuta ya zeituni na jibini za asili. Alama inayoiweka siagi ya karanga katika kundi moja na pipi, anasema, inaua kilimo cha karanga na haimsaidii mgonjwa yeyote.

Mtaalamu anamjibu kwa mfano wa Chile, na mfano huo unahitaji kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa ndio uliobadilisha mjadala huu duniani. Sheria namba 20.606, ambayo seneta Guido Girardi, daktari kwa taaluma, aliipigania kwa miaka mingi, ilipitishwa mwaka 2012 na kuanza kutekelezwa Juni 2016. Inaagiza kwamba bidhaa inayovuka kiwango cha nishati, sukari, sodiamu au mafuta yaliyoshiba, yaani mafuta ya aina inayoganda kwa urahisi katika joto la kawaida la nyumba, ichapwe mbele alama nyeusi ya pembenane yenye maneno meupe yanayosema kwamba ina kiasi kikubwa cha kitu hicho, na bidhaa yenye makosa manne hubeba alama nne. Viwango havikuwekwa kwa pigo moja: vyakula visivyo vya kimiminika vilianza kwa ukomo wa gramu 22.5 za sukari kwa gramu 100 mwaka 2016, vikashuka hadi 15 mwaka 2018 na 10 mwaka 2019, ili viwanda vipate muda wa kubadilisha michanganyo yao. Bidhaa zenye alama zilipigwa marufuku kuuzwa shuleni na kutangazwa kwa watoto, na wanyama wa katuni wakaondolewa kwenye maboksi ya nafaka za kifungua kinywa.

Kuhusu karanga, anafafanua kwamba sheria ya Chile huzigusa bidhaa zilizoongezewa sukari, chumvi au mafuta, kwa hiyo karanga zilizosagwa bila nyongeza hazibebi onyo lolote, na siagi ya karanga iliyotiwa sukari hubeba. Mstari huo uko wazi kabisa: mkulima wa karanga amelindwa, na aliyeongeza sukari ameulizwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba ununuzi wa vinywaji vilivyostahili onyo ulipungua nchini humo kwa takribani asilimia 24 ukilinganishwa na makadirio ya hali ambayo ingekuwapo bila sheria hiyo.

Msindikaji, ambaye amesoma utafiti huo pia, anatoa pingamizi mbili. Ya kwanza ni kwamba sheria ya Chile ilifunga pamoja alama, marufuku ya matangazo na marufuku ya shuleni, hivyo si haki kuipa alama peke yake sifa ya punguzo lote. Ya pili ni kwamba viwanda vingi vilikimbilia vitamutamu visivyo sukari, na watoto wakaendelea kunywa vinywaji vitamu vilevile bila alama yoyote. Mtaalamu anazikubali zote mbili bila kusitasita. Kwa ya pili anaeleza kwamba Mexico, iliyofuata njia hiyo mwaka 2020, ilijifunza kutokana na pengo hilo na kuagiza kwamba bidhaa yenye vitamutamu ichapwe onyo kwamba haishauriwi kwa watoto. Kwa ya kwanza anasema kwamba jibu lake ni kuchukua sheria nzima badala ya kipande chake.

Kisha anatoa hoja ambayo, kwa kadiri ya uzito wake, ingestahili kutangulia nyingine zote. Upande wa mbele wa pakiti haukuwahi kuwa mtupu. Tayari umejaa picha za matunda kwenye vinywaji ambavyo kiambato chake cha pili baada ya maji ni sukari. Umejaa maneno "chanzo cha nguvu" na "yenye vitamini". Na madumu ya mafuta ya kupikia huandikwa "hayana kolesteroli", ingawa kolesteroli hupatikana katika vyakula vya wanyama na mafuta ya mimea kwa asili yake hayana kiasi chake cha kuhesabika, hivyo sifa hiyo ni ya kila dumu liwe limeandikwa au halikuandikwa. Mzalishaji ameruhusiwa kusema kwa sauti kubwa mbele, kwa rangi na kwa herufi nene, na ukweli ukasukumiwa nyuma kwa herufi za milimita moja. Msindikaji anapolalamika kwamba onyo litamchagulia mnunuzi, ajibiwe kwamba picha ya embe imekuwa ikimchagulia kwa miaka yote hiyo.

Hapo muuza duka, aliyekuwa kimya, anaomba nafasi. Anasema kwamba wateja wake wanaogeuza pakiti ni wachache, na hao wanaoigeuza hutafuta tarehe ya mwisho wa matumizi. Wengine huangalia alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania, ambalo tangu mwaka 2019 ndilo lililopewa pia jukumu la usalama wa chakula, na wakiiona huamini kwamba chakula hicho kinajenga afya. Dhana hiyo ni kosa linalohitaji kusahihishwa, kwa sababu alama ya ubora huthibitisha kwamba bidhaa imetimiza kiwango kilichowekwa kwa bidhaa ya aina hiyo, na soda iliyotengenezwa kwa usafi na kwa kufuata kiwango chake ni soda bora, huku ikibaki na gramu 10 hivi za sukari kwa kila mililita 100. Chupa ya nusu lita ya kinywaji cha namna hiyo ina takribani gramu 50, sawa na ukomo ambao Shirika la Afya Duniani liliupendekeza mwaka 2015 kwa mtu mzima mwenye mahitaji ya kilokalori 2,000 kwa siku, ukomo ambao unahesabu pia sukari ya chai.

Lakini jambo lililomfanya asimame ni jingine. "Ninyi wakubwa mnabishana juu ya pakiti," anasema, "ilhali mteja haondoki na pakiti." Mafuta ya kupikia hununuliwa kwa kupimiwa, robo lita au kijiko kikubwa, kutoka katika dumu linalobaki dukani, majarini hupakuliwa kwa kijiko na kutiwa kwenye kipande cha nailoni, biskuti huuzwa mbilimbili, na sukari hufungwa kwa vipimo vidogo. Asubuhi yote watu hula maandazi, vitumbua na chapati, na jioni chipsi, vyakula ambavyo havina lebo wala havitakuwa nayo. Lebo, iwe jedwali au pembenane, humfikia mwenye uwezo wa kununua pakiti nzima, na maskini anayepimiwa huachwa bila neno.

Pingamizi hili linawagusa wote wawili, na ni haki kusema kwamba maandishi mengi kuhusu lebo za lishe hulipita bila kulitazama. Mtaalamu anajaribu kujibu kwamba muuza duka mwenyewe huiona alama iliyo juu ya dumu na anaweza kuulizwa. Jibu hilo ni sahihi ila ni dogo. Jibu lililo kubwa zaidi linatoka upande usiotarajiwa, kwa msindikaji, anayesema kwamba ikiwa lebo haifiki jikoni basi sheria iingie kwenye mchanganyo wenyewe.

Kuna mifano ya njia hiyo. Denmark mwaka 2003 iliweka ukomo wa gramu 2 kwa kila gramu 100 za mafuta kwa mafuta geu ya kiwandani, yaani yale yanayozaliwa mafuta ya maji yanapogandishwa kwa kuongezewa haidrojeni kwa sehemu, na ambayo hudhuru moyo kuliko mafuta ya aina nyingine yoyote. Haikumtaka mnunuzi asome chochote. Marekani, kwa upande wake, ilianza na jedwali, ambalo huruhusu mafuta hayo yaandikwe sifuri yakiwa chini ya nusu gramu kwa kipimo cha mlo, na mpaka mwaka 2015 ndipo ilipoamua kwamba mafuta yaliyogandishwa kwa namna hiyo hayatambuliwi tena kuwa salama. Afrika Kusini ilitangaza mwaka 2013 kanuni za ukomo wa sodiamu katika mkate, vibanzi, nyama za kusindika na supu za unga, ambapo mkate ulipewa ukomo wa miligramu 400 kwa gramu 100 kuanzia Juni 2016 na 380 kuanzia Juni 2019. Anayenunua vipande viwili vya mkate huo bila karatasi yake amelindwa sawa na anayenunua mkate mzima.

Msindikaji anaeleza kwa nini ukomo unamfaa kuliko hiari. Akipunguza chumvi peke yake, wateja watasema bidhaa yake haina ladha na kumhamia mshindani; wote wakipunguza siku moja kwa sheria, ndimi za watu zitazoea na hakuna atakayepoteza soko. Anaomba jambo moja tu, kwamba wasindikaji wadogo, hasa vikundi vya wanawake wanaosaga unga wa lishe na kutengeneza achari, wasitozwe gharama za maabara zinazolingana na za kiwanda kikubwa, bali waruhusiwe kukokotoa namba zao kutoka katika majedwali rasmi ya virutubishi vya vyakula. Mtaalamu anakubali, na muuza duka anatikisa kichwa kwa kuridhia.

Linalobaki ni lugha. Katika rafu moja ya duka la mjini hukaa bidhaa zenye jedwali la Kiingereza, nyingine la Kiarabu kutoka Ghuba, nyingine la Kituruki lililobandikwa karatasi ndogo juu yake, na mnunuzi ambaye amesoma kwa Kiswahili miaka yote saba ya shule ya msingi anakuta kwamba jambo linalohusu damu yake limeandikwa kwa lugha ya wengine. Hakuna hoja ya kitaalamu inayozuia maneno nishati, sukari, chumvi, mafuta na nyuzinyuzi kuchapwa kwa Kiswahili kwenye bidhaa inayouzwa kwa Waswahili, na mamlaka za viwango za Tanzania na Kenya zinapaswa kulitaka hilo kwa sauti moja kabla ya kuanza kubishana juu ya umbo la alama.

Kwa hukumu ya mwandishi, jedwali libaki kwa ajili ya mkaguzi na liwe na safu ya gramu 100. Onyo lichapwe mbele kwa Kiswahili, juu ya pakiti na juu ya dumu. Na mkate, mafuta ya kupikia na majarini vianze kuwekewa ukomo sasa, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyoliwa na wasionunua pakiti. Wakati sheria hizo zinasubiriwa, msomaji anayepimiwa mafuta dukani amwombe muuzaji aligeuze dumu, aisome orodha ya viambato, na akikuta maneno yanayosema kwamba mafuta yameongezewa haidrojeni kwa sehemu, anunue mengine.